Deni la pumzi huanzia ziwani, si mlimani

Bwana Mhariri,

Kiangazi kinapokaribia, vijana wa Bukavu na Goma huanza kuulizana habari za triatloni ya milimani: kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia, yote siku moja bila mapumziko. Pamoja na hamu hiyo huja usemi unaorudiwa hata kwenye kurasa za michezo, kwamba mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Kivu ana mapafu ya mlima tayari, na kwamba mwinuko ni shida ya wageni. Tunaomba nafasi katika gazeti lenu tuupinge usemi huo. Unawapeleka vijana kwenye hatari wasiyoiona, kwa kuwa macho yao yako kileleni na hatari iko kwenye mita 300 za kwanza za maji.

Tuanze na hesabu. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo shinikizo la hewa limebaki karibu asilimia 84 ya lile la pwani, na oksijeni inayoingia kifuani hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ukipanda hadi Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega, umepita mita 2,000 na unaelekea asilimia 77. Kwenye kilele cha Kahuzi, mita 3,308, imebaki asilimia 67 hivi. Mwanamichezo aliyezoezwa vizuri hupoteza karibu asilimia 6 au 7 ya uwezo wake wa kutumia oksijeni kwa kila mita 1,000 anazopanda. Mzaliwa wa Kadutu, hapa Bukavu, naye yumo katika hesabu hiyo. Kuishi kwenye mita 1,500 kunamsaidia kidogo akilinganishwa na mtu wa Kinshasa, lakini hakumfuti kwenye orodha ya wanaopungukiwa. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, kwenye mita 2,240, kwa dakika 29 na sekunde 27, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 27 na sekunde 39. Temu alikuwa mtoto wa nyanda za juu, na alishinda kwa sababu alijua kwenda polepole kwa kadiri mahali panavyodai.

Kuna kosa la pili linalotokana na simu. Vijana wanapakua ratiba za mazoezi na majedwali ya kasi yaliyotungwa Ulaya, kisha wanayafuata neno kwa neno. Tazama Embrunman ya Ufaransa, inayofanyika tangu 1984, ambayo ni shule kubwa ya triatloni ya milimani. Baiskeli yake ni kilomita 188 na inapita njia ya mlimani ya Col d'Izoard, mita 2,360. Lakini kuogelea kwake ni katika ziwa la Serre-Ponçon, lililo kwenye mita 780 tu. Mwanamichezo wa huko huogelea chini, hewa ikiwa nzito, na mwinuko humkuta baadaye akiwa juu ya baiskeli, mahali anapoweza kupumua atakavyo. Sisi tunaanza tukiwa juu tayari, na tunaanza ndani ya maji. Jedwali lile halikuandikwa kwa ajili ya ziwa letu. Hata Rubavu, hapo ng'ambo ya mpaka wa Goma, ambako mashindano ya Ironman 70.3 yalianza kufanyika mwaka 2022 kwa kilomita 1.9 za maji, 90 za baiskeli na 21.1 za mbio, maji ni haya haya ya Kivu na mwinuko ni huu huu.

Kinachotokea majini ni hiki. Filimbi ikilia, watu wanajitupa pamoja na kila mmoja anataka kujitoa kwenye rundo. Kwa sekunde 30 au 40 misuli hutumia akiba yake yenyewe, na mwogeleaji haoni uzito wowote. Halafu mwili unadai oksijeni kwa pupa. Nchi kavu ungehema, ukapunguza mwendo, ukaendelea. Majini pumzi inafuata mkono: aliyezoea kuvuta pumzi kila mikono mitatu anashindwa kuitoa hewa chafu yote, na hiyo kaboni dioksidi inayorundikana kifuani ndiyo inayoleta hisia ya kukabwa koo. Anainua kichwa atafute hewa. Kichwa kikipanda, miguu inazama; miguu ikizama, kila mkono unavuta mzigo mkubwa kuliko ule wa kwanza; kadiri anavyojitahidi ndivyo anavyozidi kukosa pumzi. Hapo hata mtu anayeogelea kilomita mbili mazoezini bila shida anaweza kuzama mita 20 kutoka kwenye mtumbwi. Tena hili si la milimani peke yake. Madaktari wa Marekani walipohesabu vifo vya triatloni za nchini mwao kati ya 2006 na 2008 walipata 14, na 13 vilitokea majini. Hesabu ndefu zaidi, ya 1985 hadi 2016, ilikuta visa 135 vya vifo na mioyo iliyosimama ghafla. 90 vilikuwa vya kuogelea. Mwinuko unaikuta hatari hiyo ikiwa imeshakaa hapo, unaiongezea uzito.

Kwa hiyo, maji yafanyiwe kazi kabla ya kitu kingine chochote. Ingia ziwani dakika 15 kabla ya kuanza na ukae humo dakika 10. Zamisha uso, toa pumzi yote kwa pua na mdomo, rudia mpaka kifua kitulie. Ogelea taratibu, kisha piga mita 25 mara nne kwa kasi ya mashindano, ukipumzika kila mara. Kazi yake ni kuiamsha pumzi mapema ili isikushtukize ukiwa katikati ya watu. Filimbi ikilia, ogelea mita 200 za kwanza kwa mwendo ambao ungeweza kuushika kilomita 3. Vuta pumzi kila mikono miwili, na usiibane hewa uso ukiwa majini; itoke mfululizo, mapovu yaonekane. Asiye na uzoefu asimame pembeni ya kundi au nyuma kwa sekunde 10. Sekunde hizo zitarudi kabla ya boya la kwanza. Ukihisi kukabwa, geuka chali, elea, vuta pumzi kumi ndefu, inua mkono mtumbwi ukuone. Kanuni zinaruhusu kuelea, na hata kushika mtumbwi maadamu hausogei mbele nawe.

Kipimo tunachopenda cha kumjua aliye tayari ni rahisi: mita 100 mara nane, na pumziko la sekunde 20 kati yake. Kama ile ya nane imepitwa na ya kwanza kwa zaidi ya sekunde 3, mtu huyo bado hajui mwendo wake, hata kama ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Asiandikishwe kwa mita 1,500 za ziwani mpaka alirekebishe hilo.

Neno moja kuhusu suti za mpira. Maji ya Kivu juu juu yana nyuzi joto 23 hadi 24. Kanuni za kimataifa kwa umbali wa mita 1,500 zinazikataza suti hizo maji yakifika nyuzi 20 kwa wataalamu na 22 kwa wengine, kwa hiyo hapa hazina nafasi. Suti ya kuazima inayobana kifua ni mbaya zaidi: pamoja na mgandamizo wa maji na wingi wa maji ambayo wengine hunywa kabla ya kuanza, inaweza kusukuma majimaji ya damu yaingie mapafuni. Dalili yake ni kikohozi kinachoanza mtu yumo majini bila kupaliwa, kifua kinachokoroma, na baadaye povu jekundu. Huyo atolewe mara moja, akalishwe kitako, asilazwe, apewe oksijeni. Wala asipande baiskeli, hata akisema amepata nafuu.

Kwa ndugu zetu wa Goma tuongeze jambo ambalo hamtalikuta katika kitabu chochote cha triatloni: mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo hujaa kwenye mabonde madogo ya lava na kando ya ziwa, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Upande wa Bulengo watu na mifugo wamekufa hivyo. Ukilaza baiskeli 100 bondeni saa kumi na moja asubuhi, na watu wakainama kufunga kamba za viatu, unawaweka usawa wa gesi hiyo. Eneo la kubadilishia liwe mahali palipoinuka, na kabla ya kulichagua waulizwe wenyeji wa hapo, kwa maana wao huyajua mashimo yao yote.

Saa ya kuanza nayo ina sababu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ziwa huwa limetulia; kadiri mchana unavyosonga upepo unaleta mawimbi. Halafu kuna radi. Vipimo vya setilaiti vilivyotangazwa mwaka 2016 viliiweka Kabare, hapa mlangoni petu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: mipigo 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233. Mtu aliye peke yake mgongoni mwa mlima saa tisa alasiri, juu ya baiskeli, ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo. Ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla hujahesabu 30, mashindano yasimame, na yasianze tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hakuna medali inayostahili kubishana na hilo. Ndiyo maana Juni hadi Agosti ni bora kuliko miezi ya mvua.

Sasa baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyoiita nyumbani. Chukua mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 10, kwenye mwinuko wa asilimia 8. Akitoa wati 200 atakwenda karibu kilomita 10 kwa saa. Mwinuko ukimnyang'anya sehemu ya kumi ya nguvu, atakwenda 9. Akiwa na gia ya meno 39 mbele na 25 nyuma, kwa kilomita 9 miguu inazunguka mara 45 tu kwa dakika, yaani anasukuma kila pedali kama anayepanda ngazi na gunia begani. Mapaja yanajaa asidi, na kule juu asidi hiyo haiondoki upesi. Akiwa na meno 34 mbele na 32 nyuma, nguvu ni ile ile lakini miguu inazunguka mara 66, na anafika akiwa bado na miguu ya kukimbia. Baiskeli za milimani zinazouzwa sokoni zina gia ndogo za kutosha. Kasoro yake ni uzito. Kilo 6 za ziada, kwenye mlima wa saa nzima, zinagharimu dakika 4 hivi. Si nyingi. Kijana mwenye fedha kidogo asikimbilie fremu nyepesi. Anunue kwanza raba mpya za breki na waya wake.

Tunasema hivyo kwa sababu kuteremka ndiko kunakovunja mifupa. Hewa nyepesi inapunguza upinzani, kwa hiyo baiskeli inakimbia kuliko ulivyozoea kwenye mteremko ule ule ulio chini. Na hiyo hiyo hewa nyepesi inapoza breki kidogo tu. Anayebana breki mfululizo kwa kilomita 5 anachemsha rimu, gundi ya kiraka inalainika, mpira wa ndani unapasuka kwa kishindo. Wengi husema tairi hupasuka kwa sababu ya mwinuko wenyewe. Sivyo: kutoka ziwani hadi Tshivanga tofauti ya shinikizo la hewa ni kama bar 0.07, ambayo mshale wa pampu hauwezi hata kuionyesha. Breki ibanwe kwa nguvu kabla ya kona, iachiwe, ibanwe tena, ya mbele na ya nyuma kwa kupokezana. Usiku wa kuamkia mashindano weka mpira usio na kiraka, angalau gurudumu la mbele. Vuta breki mpaka mwisho: mkono wa breki ukigusa usukani, waya umelegea.

Baridi nayo. Joto hushuka nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, na mtu aliyelowa jasho akiteremka kilomita 50 kwa saa vidole vyake vinakufa ganzi, akashindwa kuvuta breki anayoihitaji. Waendesha baiskeli wa zamani waliweka karatasi za gazeti kifuani chini ya fulana kabla ya kuteremka, wakazitoa chini. Ukurasa huu huu ukimaliza kuusoma utafaa kazi hiyo.

Chakula kifuate saa, si njaa, kwa maana juu hamu ya kula hupotea wakati mwili unateketeza sukari zaidi. Lengo ni gramu 60 za wanga kwa saa. Nusu lita ya maji safi yenye vijiko 7 vya chai vya sukari na chumvi ya kushika kwa vidole viwili inakupa gramu 30 hivi. Ndizi moja iliyoiva inakupa karibu 25. Anza robo saa baada ya kupanda baiskeli, kidogo kidogo. Maji yasizidi mililita 750 kwa saa: anayekunywa lita mbili kwa hofu anaipunguza chumvi ya damu yake, akachanganyikiwa na kuanguka, na watu wakamwongezea maji tena wakidhani ni kiu. Na kila kitu utakachokula siku hiyo uwe umekila mazoezini. Tumbo halipendi ugeni.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni damu. Oksijeni ikiwa chache, hemoglobini ndiyo gari kuu la kuibeba, nayo kwetu huliwa na malaria na minyoo. Mwezi mmoja na nusu kabla ya mashindano kapime hemoglobini. Aliyetoka kuugua malaria asubiri mpaka irudi mahali pake. Maini, sambaza (samaki wadogo wa Kivu) wanaoliwa wazima, maharage na sombe (majani ya muhogo) vinasaidia. Ya mimea yaliwe pamoja na limau au chungwa, na chai iahirishwe saa moja, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Wakati huo huo pima seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Watu wengi nchini mwetu wamerithi upande mmoja, AS, na wanaishi bila kujua wala kuugua. Lakini kwenye mwinuko, kwa jasho na juhudi kali, seli zao zinaweza kupinda. Maumivu chini ya mbavu za kushoto, au miguu inayoishiwa nguvu huku misuli ikiwa laini, si uchovu wala uvivu. Mwenye AS anaweza kushiriki akijua hali yake, akipanda mwendo taratibu na akikubali kusimama; anayemfokea "kaza!" akiwa katika hali hiyo anaweza kumuua.

Anayetoka Uvira au Kinshasa afike wiki mbili au tatu kabla. Akishindwa, afike jana yake. Siku ya pili hadi ya tano ndizo mbaya, usingizi hauji na moyo unapiga haraka hata kitandani. Wengine hutafuta vidonge vya asetazolamidi vya ugonjwa wa mwinuko. Wajue kwamba vimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni.

Kuhusu kukimbia tuna machache, kwa sababu aliyelipa deni lake majini na kwenye gia atakimbia. Mlima ukiwa mkali, tembea kwa hatua ndefu, mikono ikisukuma mapaja. Walio mbele pia hufanya hivyo. Kuteremka, hatua ziwe fupi.

Waandaaji nao tunawaomba kwa heshima. Waogeleaji waingie kwa makundi ya watu 20 hadi 25, dakika 3 kati ya kundi na kundi, kofia za rangi tofauti. Mtumbwi mmoja kwa kila watu 20, na zaidi ya nusu ya mitumbwi ikae kati ya ufuko na mita 300, si kule kwenye boya ambako watu hupiga picha. Wahesabiwe wanaoingia na wanaotoka, kwa namba. Saa ya mwisho ya kufika juu itangazwe mapema, na ifuatwe hata kwa mtoto wa mkubwa. Juu kabisa pawe na chupa ya oksijeni iliyojaribiwa siku hiyo, blanketi kavu, na muuguzi anayejua kwamba anayepepesuka kama mlevi, au anayehema vile vile baada ya kukaa dakika 10, hatibiwi pale pale: anashushwa. Kwa hiyo gari lisiwe la kuitwa kwa simu kutoka mjini. Lisimame kileleni tangu alfajiri, uso wake umegeuzwa kuelekea ziwani, na dereva yumo ndani.

Sisi walimu wachache wa kuogelea, baiskeli na mbio,
Bukavu